Ati Mwanamume Halii

Leo nimeshika kalamu ili nigombane na neno moja, wala si na mtu. Neno lenyewe mwalijua tangu utoto wenu: mwanamume halii. Nililisikia tena majuzi katika kijiji kimoja cha upande wa Iramba, tulikokwenda kumzika kijana. Baba yake alisimama kando ya kaburi, na udongo ulipoanza kuanguka juu ya jeneza mabega yake yakatetemeka, sauti ikamtoka. Mzee mmoja, mtu anayeheshimiwa sana katika usharika, akamshika mkono akamwambia, "Nyamaza, bwana. Wewe si mwanamke." Yule baba akanyamaza. Sisi wanaume tuliokuwapo tukatikisa vichwa kwa kukubali. Nami nilitikisa changu. Tangu siku ile neno hilo limenikaa rohoni kama mwiba wa mgunga.

Na tuyatazame yaliyofuata. Wanawake walimwendea mama wa marehemu, wakaketi naye chini, wakalia naye, wakamchotea maji, wakampikia uji na kumshurutisha anywe. Kwa siku nyingi hakukosa mtu ubavuni pake. Sisi wanaume tulikaa nje penye moto. Tukazungumza bei ya alizeti, tukazungumza mvua, tukabishana habari za Simba na Yanga hata usiku wa manane. Mwenye msiba alikuwa katikati yetu, akisukuma kuni motoni, wala hapana hata mmoja wetu aliyemwuliza lolote juu ya mwanawe. Siku ya tatu matanga yakaanuliwa, tukaagana, kila mtu akashika njia yake akijisifu moyoni kwamba amemfariji mwenzake. Majuma machache yakapita, nami nikasikia kwamba baba yule haonekani shambani wala kanisani. Aonekana kilabuni, tangu saa nne ya asubuhi.

Sasa nauliza: ni nani aliyempeleka huko kilabuni? Wengine watasema ni Shetani, na wengine watasema ni udhaifu wake mwenyewe. Mimi nasema ni sisi. Tulimfungia mlango mmoja, naye akatafuta mwingine uliokuwa wazi.

Najua nitajibiwa, na majibu nayajua kabla hayajaandikwa. Watasema baba zetu walivumilia makubwa kuliko haya, tena bila kulia. Watasema mwanamume ndiye nguzo ya nyumba, na nguzo ikitikisika paa laanguka. Na wengine, hasa wazee wa kanisa, watasema kwamba Mkristo mwenye tumaini hapaswi kuhuzunika. Hawa wa mwisho nitawajibu upesi, maana jibu lao wanalo katika kitabu chao wenyewe. Bwana Yesu alilia kaburini kwa Lazaro, mbele ya watu, naye alijua kwamba baada ya kitambo kidogo atamfufua. Kama yeye aliyejua hivyo alilia, mzee wetu apata wapi amri ya kumnyamazisha mtu asiyejua?

Wale wanaoitaja habari ya kuvumilia nitawajibu kwa shujaa wanayempenda wao wenyewe. Hapana mwalimu katika nchi hii asiyewasimulia watoto habari za John Stephen Akhwari, jirani yetu wa Mbulu. Alipelekwa Mexico kukimbia mbio ndefu za Olimpiki, tarehe 20 Oktoba 1968, katika mji ulio juu sana, meta zaidi ya 2,200 kutoka usawa wa bahari, ambako pumzi humwisha mgeni upesi. Njiani akaanguka, akaumia vibaya goti na bega. Watu 75 walianza mbio zile, na 57 ndio waliofika mwisho. Mshindi alikuwa Mamo Wolde wa Ethiopia. Akhwari alifika wa mwisho kabisa, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, watu wengi wamekwisha kuondoka na giza limeingia. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana hii, kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile aanze mbio tu, ilimtuma azimalize.

Hapo ndipo sisi waalimu tunaponyamaza kidogo, tukawatazama wavulana kwa macho makali, tukawaambia, "Mmeona? Huyo ndiye mwanamume." Nimefanya hivyo mwenyewe mara nyingi. Lakini itazameni vizuri picha yake. Mguu umefungwa bendeji kubwa, kitambaa kinaning'inia. Basi nani aliufunga? Mtu aliyeanguka barabarani na goti limepasuka hawezi kujifunga vile kisha akaendelea. Wako watu waliomshika, wakamwosha, wakamfunga jeraha, naye alikubali kushikwa. Kama angalikuwa na fikira zetu, angaliwafukuza akasema si kitu, na damu ingalimmaliza kabla ya kuuona uwanja. Miaka mingi tumewafundisha watoto ile nusu ya habari iliyotupendeza, bendeji tukaiacha.

Na hao baba zetu wanaotajwa kila siku, ati walivumilia peke yao! Wasemao hivyo hawazijui habari za baba zao. Huku kwetu katikati ya nchi watu wa zamani walikuwa na njia nyingi za kumzuia mwanamume asikae peke yake na uchungu wake. Chukueni utani. Wanyamwezi na Wagogo, majirani zetu wa pande mbili, ni watani tangu zamani. Na wengi wanaoichunguza historia huufungamanisha utani wao na siku za misafara, Wanyamwezi walipopita Ugogo na mizigo ya pembe kwenda pwani, wakagombana na wenyeji kwa ajili ya maji na hongo, kisha wakapatana. Mtani ana kazi kubwa katika msiba. Huja akamwigiza marehemu jinsi alivyokuwa akitembea, na jinsi alivyokuwa akikohoa na kugombeza watoto. Huenda akaingia kaburini akakataa kutoka mpaka apewe kitu. Mgeni asiyejua huona ni matusi. Lakini mtazameni mwenye msiba: kwanza hukasirika, kisha hucheka, na katika kule kucheka machozi humtoka kwa wingi, wala hapana mtu amwambiaye anyamaze, kwa kuwa anacheka. Waliotunga desturi ile walimjua mwanamume. Walijua kwamba ukimwambia lia, atakataa, basi wakamchimbia machozi yake mfereji wa pembeni.

Au chukueni undugu wa kuchanjiana. Mirambo wa Urambo, mtu aliyewatisha Waarabu wa Tabora tangu vita vya mwaka 1871, hata njia ya msafara ikafungwa, ndiye aliyekaa chini mwezi wa Aprili 1876 akachanjiana na Stanley, Mzungu ambaye miaka mitano kabla alikuwa upande wa adui zake. Sisemi turudie kuchanjana damu, maana magonjwa ya siku hizi yatukataza. Nasema kwamba hata simba kama Mirambo hakuona aibu kusema mbele ya mashahidi, huyu ni ndugu yangu. Sisi leo tuna majina mia tatu katika simu, na ukimwuliza mtu ni yupi kati ya hao amwezaye kumwamsha usiku na kumwambia ameshindwa na maisha, atazungusha simu mkononi asijibu.

Nimesema nagombana na neno, wala sijisamehe mwenyewe. Miaka minne iliyopita, nilipokuwa nikifundisha upande wa Manyoni, mtoto wangu wa pili alikufa kwa homa. Alikuwa na miaka miwili. Tulimzika Jumamosi, na Jumatatu nilisimama mbele ya darasa nikafundisha hesabu. Wenzangu waliniambia, "Jikaze, mwalimu." Nikajikaza. Nilijikaza hata mke wangu akaniambia usiku mmoja kwamba mimi sikumpenda mtoto yule, nami sikumjibu, nikageukia ukutani. Wiki nyingine nikamchapa mvulana wa darasa la nne kwa kosa la kupoteza kalamu, nikamchapa kupita kiasi, na kila mtu darasani aliona kwamba kalamu haikuwa na maana yoyote. Mvulana hakulia. Alinitazama tu, ameuma meno. Nikajua kwamba nimemfundisha somo langu, naye amelishika.

Kulikuwa na mzee mmoja jirani, mfuga nyuki. Hatukuwa marafiki, tulisalimiana njiani tu. Alikuja jioni akaniambia, "Mwalimu, nina mizinga mitatu ya kutundika porini, na mkono wangu mmoja ni mgonjwa. Njoo kesho unishikie kamba." Sikupenda kwenda, lakini mzee akikuomba huwezi kukataa. Tukaenda mbali katika miyombo. Ninyi mliozaliwa penye nyuki mwaijua kazi hii: mmoja hupanda mtini na kupitisha kamba juu ya tawi nene, na mwingine hukaa chini akivuta, mzinga ukapanda polepole mpaka yule wa juu aufunge. Mzinga wa gogo ni mzito. Mti wa kwanza hatukusema neno. Mti wa pili alinifundisha kuzungusha kamba kiunoni isinichubue mikono. Mti wa tatu, mzinga ukiwa umefika nusu ya safari, akaniuliza kutoka juu, "Mtoto wako alikuwa ameanza kusema?"

Nikamjibu kwamba alikuwa na neno moja tu, maji. Kila kitu kwake kilikuwa maji, hata mbuzi, hata mwezi. Nilipokwisha kusema hivyo nikaanza kulia. Nililia kama mtoto, wala sikuweza kujificha uso, maana mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika kamba na mzinga unaning'inia. Mzee hakushuka, wala hakusema nyamaza. Alikaa tawini akangoja. Kisha akasema taratibu, "Ishike kamba, mwanangu. Hatuna haraka." Tulipokuwa tukirudi akanisimulia kwamba yeye alizika watoto watatu katika miaka ya njaa, na kwamba hajamwambia mwanamume yeyote habari hiyo mpaka siku ile. Tangu hapo tulikwenda porini pamoja mara nyingi. Jioni ya siku ile nilimweleza mke wangu yote, tukalia pamoja, na kesho yake nilimwita mvulana yule nikamwomba radhi mbele ya darasa. Wako waliosema nimejishusha. Ilikuwa baada ya mwezi mzima nilipokumbuka kwamba mtu mwenye mkono mgonjwa hapandi mti.

Naieleza habari hii kirefu kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo wengi wanaotaka kuwasaidia wanaume hawalioni. Mwanamume hapendi kuketishwa kitini na kutazamwa usoni na kuambiwa, haya, sema moyo wako. Hufungika kama kobe. Mpe kamba ashike, au jembe, au ng'ombe wa kuwatafuta. Mtembee bega kwa bega, macho yenu yote yakitazama mbele, na maneno yatakuja yenyewe, au yasije leo yakaja siku nyingine. Wanawake hukaa uso kwa uso, na kwao yafaa. Kwetu kazi ni nusu ya mazungumzo.

Mtaniambia kwamba kilabuni nako wanaume hukaa bega kwa bega. Ni kweli, wala sitawadanganya kwamba aendaye kilabuni afuata pombe ya mtama tu. Wengi hufuata wenzao. Lakini urafiki wa kilabuni una sharti moja, usiseme lililo zito. Ukilisema, watacheka au watakuongezea kata nyingine. Mwaka 1935, katika mji wa Akron huko Marekani, mtu mmoja jina lake Bill Wilson, aliyekuwa ameharibiwa na ulevi na kisha akaacha, alishindwa katika biashara iliyompeleka huko, akajikuta peke yake hotelini, na kiu ya pombe imemrudia kwa nguvu. Badala ya kuingia penye pombe akaingia penye simu, akatafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akapewa habari za daktari mmoja, Robert Smith, ambaye alikuwa akilewa hata kuhatarisha kazi yake. Smith alikubali kumpa dakika chache tu. Wakazungumza saa nyingi. Katika mazungumzo yale ndipo kilipoanzia chama cha walevi wanaosaidiana kuacha ulevi, ambacho kimeenea duniani pote na kufika hata nchi zetu. Madaktari na wahubiri walikuwa wamemwonya Smith miaka mingi bila faida. Yule aliyemfaa alikuja kwake akiwa na shida kama yake, tena alikuja kuomba msaada.

Hapo wahubiri na waalimu wenzangu mniwie radhi, kwa maana sisi ndio wenye kosa jingine: twapenda mno kueleza. Rafiki watatu wa Ayubu walipofika, walikaa naye chini siku saba mchana na usiku pasipo kusema neno, kwa kuwa waliona uchungu wake ni mkubwa. Hiyo ndiyo kazi njema yote waliyoifanya. Walipofungua vinywa kumweleza sababu za msiba wake waliharibu, na Mungu mwenyewe akawakemea. Katika misiba yetu nimesikia mtu akiambiwa kwamba mkewe amekufa ili yeye ajaribiwe, na mwingine kwamba ng'ombe wake wamekufa kwa ukame kwa sababu hakutoa zaka. Afadhali habari za Simba na Yanga kuliko faraja za namna hiyo.

Lipo na jambo zito zaidi, nami nitalisema wazi ingawa si desturi yetu kuliandika. Wako wanaume wasioishia kilabuni. Wako tunaowakuta asubuhi wamekwisha kufa kwa mikono yao wenyewe, nasi twasema kwa mshangao, mbona jana alikuwa mzima, mbona alicheka nasi. Shirika la Afya Duniani lahesabu watu zaidi ya 700,000 wanaojiua kila mwaka, na wanaume ni zaidi ya mara mbili ya wanawake. Ni hesabu ya dunia nzima, si ya wilaya yetu. Lakini kila mmoja wenu aisomapo amekwisha kumkumbuka mtu. Uchungu wa mama hauzidiwi na wa baba, wala akina mama hawana shida chache kuliko sisi. Hao ndio wachukuao maji na kuni na watoto, na wengine wachukua na vipigo vyetu juu yake. Wanawake wana jambo moja tulilojinyima sisi: wakizidiwa huwaambia wenzao, wala heshima yao haipungui.

Tena tuna tabia mbaya ya kutaja Mirembe kwa dhihaka. Mtu akisema hapati usingizi, au asikia moyo wake mzito kila kukicha, twacheka na kusema huyu karibu atapelekwa Mirembe. Hospitali ile ya Dodoma ni mahali pa tiba kama hospitali nyingine, na wagonjwa wa akili ni wagonjwa kama wa malaria. Yako mambo ambayo rafiki hawezi kuyaponya, hata akiwa mwema namna gani. Mtu asiyekula, asiyelala, anayesema afadhali asingalizaliwa, huyo msimwache peke yake, na mpelekeni kwa mganga wa zahanati, nanyi mwende naye mkakae naye kwenye benchi. Najua benchi lile ni refu na jua ni kali. Ndiyo sababu nasema mwende naye.

Nirudi kwa wale wa nguzo na paa. Nimeziona nyumba nyingi katika nchi hii ya mawe na vumbi, kutoka Mkalama hata Itigi, na nimeona nguzo zikianguka. Nguzo huliwa na mchwa ndani, nje imebaki gome zuri na kila apitaye asema ni imara. Fundi mwenye akili huigonga asikie sauti yake. Nyumba ya mlevi haikubomolewa na machozi. Mke wake na watoto wangalifurahi kumwona analia mezani, kuliko kumngoja usiku wakisikiliza hatua zake zinavyokuja.

Basi nawasihi wazee mnaosimama makaburini: mwanamume akilia, msimshike mkono kumnyamazisha. Mshikeni tu. Nanyi vijana mnaokaa penye moto wa matanga, mwulizeni mwenye msiba jina la marehemu alilopewa na bibi yake, na chakula alichopenda, na kosa lake la utotoni lililowachekesha. Atawajibu. Na siku ya tatu ikiisha, mtu mmoja wenu arudi siku ya kumi, na siku ya arobaini, wala asije mikono mitupu ya maneno. Aje na kazi.

Yule baba wa Iramba nimemtumia habari kwamba zizi langu limeanguka upande mmoja, na kwamba sina mtu wa kunisaidia kusimamisha nguzo. Amejibu kwamba atakuja Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali. Gazeti hili litakapowafikia, Jumamosi hiyo itakuwa imekwisha kupita. Zizi langu kwa kweli ni zima kabisa, nami itanipasa kulibomoa kidogo Ijumaa jioni.